Ukuta wa seli wa livawoti: yanayosemwa na hali halisi

Livawoti ni mimea midogo ya kijani inayotambaa juu ya mawe na udongo wenye unyevu, isiyo na mizizi, maua wala mbegu. Kwa kuwa imezoeleka kuitwa mimea ya kale, ukuta wa seli zake huelezwa kana kwamba ni rasimu ya ukuta wa mti. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia, kwani livawoti za leo zimepitia muda uleule wa mageuzi uliopitiwa na miti.

"Ukuta wake ni selulosi tu." Nyuzi za selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari, zimezama ndani ya minyororo mingine ya sukari: hemiselulosi, aina ya mannani zikiwemo, pamoja na pektini. Tena vitu hivi havitengenezwi mahali pamoja. Selulosi hutengenezwa palepale kwenye utando wa seli, na vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia) vilivyojipanga katika mafungu sita yaliyokaa duara. Hemiselulosi na pektini huundwa ndani ya Golgi, kiungo kidogo cha seli, kisha hubebwa na vifuko hadi ukutani. Pektini hufika ikiwa na vikundi vya methili. Vikishaondolewa, kalsiamu huishikamanisha minyororo yake na ukuta hukaza.

"Ina viambato vilevile vya mimea ya maua, ila vichache." Hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote, maana husikika ya kisomi. Chukua ziloglukani, moja ya hemiselulosi. Katika mimea ya maua, ziloglukani nyingi hazina chaji ya umeme. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika livawoti Marchantia polymorpha, na katika mosi pia (mimea mingine midogo isiyo na maua), matawi ya molekuli hii hubeba asidi ya galakturoniki, hivyo yana chaji hasi. Ajabu ni kwamba honwoti, jamaa zao wa karibu, zina ziloglukani inayofanana zaidi na ya mimea yenye mishipa ya kusafirishia maji. Ngazi ya kutoka duni kwenda bora haielezi jambo hilo. Kisha mwaka 2012 ziloglukani yenye asidi hiyo ikakutwa kwenye vinyweleo vya mizizi vya Arabidopsis thaliana, mmea wa maua, na vinyweleo vilivyoikosa vilikuwa vifupi. Kumbe si masalio ya zamani, ina kazi.

"Bila lignini, ukuta hauwezi kusafirisha maji." Ni kweli livawoti hazina lignini, kiambato kinachokaza ukuta wa seli, kama ya mbao. Lakini Marchantia ina raizoidi, nyuzi nyembamba mfano wa mizizi, ambazo ukuta wake una vijiti vinavyochomoza kuelekea ndani. Zikikomaa hufa, zikabaki mirija mitupu inayopitisha maji. Ukame ukija hunywea, maji yakirudi hujaa tena.

"Wekundu wake ni antosiyanini, kama wa maua." Sivyo. Antosiyanini ni rangi inayoyapa maua mengi wekundu au ubuluu, lakini hii ya livawoti ni auronidini, kundi la rangi lililoelezwa mwaka 2019, na sehemu yake hushikamana na ukuta wenyewe.

"Ili kuelewa ukuta wa seli, chunguza mazao, livawoti ni ya pembeni." Mwili mkuu wa livawoti una nakala moja tu ya kila kromosomu, kwa hiyo jeni ikiharibiwa hakuna nakala ya pili ya kuficha athari. Jenomu ya Marchantia, yaani seti yake nzima ya jeni, ilichapishwa mwaka 2017, na jeni zake nyingi za udhibiti hazina ndugu wengi wa kuziba pengo. Kwa anayetaka kujua kimeng'enya kimoja kinafanya nini ukutani, hapo kazi ni nyepesi kuliko kwenye ngano.