Kutoboa eksozi hakuiongezei pikipiki nguvu ya mlima

Ujumbe umerudi tena kwenye magrupu hapa Moshi: toboa eksozi (bomba la kutolea moshi), pikipiki itapanda Kibosho na abiria wawili (mshikaki, tuseme ukweli) bila kushusha gia.

Sivyo. Kinachoongezeka hasa ni kelele, na sikio huichukulia kelele kuwa nguvu. Injini ikizunguka taratibu, mawimbi yanayorudi ndani ya bomba lenye vipimo vyake husaidia silinda kujaa vizuri. Ukilitoboa, mara nyingi mvuto wa injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini ndio unaopungua. Kabureta isiposetiwa upya, mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kuwa na hewa nyingi mno, injini ikachemka.

Pima mwenyewe kabla na baada: mlima uleule, abiria yuleyule, gia ya tatu, spidi 30 hadi 50, abiria ashike saa ya simu.

Wengi huchanganywa na spoketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo). Ya mbele yenye meno 15 ikibadilishwa kwa ya 14, mvuto kwenye tairi huongezeka kweli, kama asilimia 7, ila spidi ya juu kwa kawaida hushuka na injini ni ileile. Fundi akifanya yote mawili siku moja, sifa zinakwenda kwa tundu.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.