Jamani, Cai Yuanpei hakuwatuma barabarani

Rundo la insha nililosahihisha juzi limenimaliza. Moja baada ya nyingine: “Cai Yuanpei, mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Peking, aliwaongoza wanafunzi kuandamana tarehe 4 Mei 1919.” Sentensi moja, makosa mawili, na harufu kali ya kunakiliana.

La kwanza jepesi. Chuo kilianzishwa 1898, enzi ya Qing, ufalme wa mwisho wa China. Cai alikikuta, alishika ukuu wake Januari 1917. Tuendelee.

La pili ndilo linaloniwasha. Huyu mzee alifaulu mtihani wa juu kabisa wa kifalme 1892, akaingia Hanlin, chuo cha wasomi wa mfalme, mahali ambapo msomi wa zama zile angeridhika kuzeekea. Mageuzi ya 1898 yalipozimwa akaondoka, akafundisha, akaingia kwenye njama za kuipindua Qing, kisha akiwa na miaka arobaini akaenda kukaa darasani na vijana kule Leipzig. 1912, Qing ilipoanguka, akawa waziri wa elimu wa kwanza wa Jamhuri ya China. Hakumaliza mwaka; hakuweza kufanya kazi na rais Yuan Shikai. Kujiuzulu ndiyo ilikuwa silaha ya Cai. Mkilishika hilo, nusu ya maisha yake mmeielewa.

Peking alikuta vijana waliokuja kutafuta vyeo serikalini. Akawaambia mapema tu kwamba chuo ni pa kusoma, anayetaka cheo na mali aende kwingine. Akamwajiri Chen Duxiu, akamleta Hu Shi, maktaba akampa Li Dazhao, wote vinara wa fikra mpya. Hao mnawataja wote. Mbona hammtaji Gu Hongming, aliyebaki na mkia wake wa nywele na mapenzi yake kwa mfalme, akifundisha fasihi ya Kiingereza? Au Liu Shipei, aliyempigia debe Yuan Shikai awe mfalme? Machi 1919, akimjibu kwa barua Lin Shu, msomi wa kizamani aliyekishutumu chuo, Cai aliwatolea mfano watu wa aina hiyo hiyo: mwalimu hupimwa kwa elimu yake, ya nje ya chuo ni yake mwenyewe. Wanafunzi wangu husoma hapo “kila kitu ruksa”. La hasha. Ni mlango mpana wenye bawabu mkali, na bawabu anauliza swali moja tu: unajua nini?

Sasa hiyo Mei. Haki za Wajerumani katika jimbo la Shandong zimepewa Japani kwenye mkutano wa amani kule Paris, vijana wanaandamana, nyumba ya Cao Rulin, waziri aliyeonekana kibaraka wa Japani, inachomwa, 32 wanakamatwa. Cai akahangaika mpaka wakaachiwa tarehe 7. Tarehe 9 alikuwa ameshajiuzulu na kuuacha mji! Kiongozi gani wa maandamano huyo? Kabla ya kurudi Septemba aliwaandikia warudi vitabuni. Na Oktoba 1922, wanafunzi walipozusha fujo kwa sababu ya kutozwa ada ya nakala za mihadhara, mzee huyo mpole alikunja ngumi akawaambia waje wapigane naye. Kisha, mmeshakisia, akajiuzulu.

Kuwatetea vijana wako wakiwa rumande si kuwatuma. Mzazi yeyote anaijua tofauti hiyo.

Lakini nami nisijifanye nina Cai aliyenyooka. Aprili 1927 alikuwa kwenye kamati ya usimamizi ya Guomindang, chama cha wazalendo, iliyotaka wakomunisti wafagiliwe nje ya chama. Ufagio ukageuka bunduki. Miongoni mwa waliouawa Shanghai mwaka huo ni Chen Yannian, mtoto wa yule Chen Duxiu aliyemwajiri mwenyewe. Bawabu wa mlango mpana alikuwa wapi? Wapo wanaosema hakutazamia damu. Huenda. Mimi nikifika hapo darasani, sauti hunipungua. Na 1932 mtu huyo huyo akawa bega kwa bega na Song Qingling, mjane wa Sun Yat-sen, rais wa kwanza wa Jamhuri, katika jumuiya ya kutetea wafungwa wa kisiasa wa serikali ile ile ya Guomindang, hadi katibu wa jumuiya hiyo, Yang Xingfo, alipopigwa risasi Juni 1933.

Insha zinarudi Jumatatu. Waliomwandika “mwanzilishi” wakate mstari mmoja. Waliomwandika “aliwaongoza” waandike upya yote.