Una laki moja mkononi? Tuanze na jinsi inavyoliwa

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote nikizunguka kwenye vikundi vya akiba vya Pasua, Njoro na Majengo hapa Moshi ni hili: "Mwalimu, nina laki moja, nifanye biashara gani?" Muulizaji anategemea nitaje kitu. Kuku wa kienyeji, mitumba ya watoto, juisi ya parachichi. Nami humuuliza kwanza: nani mwingine anajua kuwa unayo hiyo laki? Watu hucheka. Lakini jibu lake ndilo linaloniambia kama pesa hiyo itaiona Pasaka.

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya hisa, yaani watu wanaoweka akiba pamoja na kukopeshana, kutunza vitabu na kupanga biashara ndogo. Kabla ya hapo nilikuwa afisa mikopo kwenye saccos, nikipokea marejesho na visingizio kwenye dirisha moja. Nilichokiona kule, na ninachoendelea kukiona, ni kwamba mitaji midogo mingi haiuawi na hasara. Biashara ilikuwa inalipa vizuri tu. Mtaji uliliwa: elfu mbili ya mboga, elfu tano ya mchango wa harusi, dawa ya mtoto, nauli ya kwenda msibani Rombo. Hakuna hata moja hapo iliyo anasa, na ndiyo maana mwenyewe haoni unapovujia. Siku ya kununua mzigo anakuta elfu sitini, anaanza kuwaza nani kamwibia.

(Watu husema Mchaga anazaliwa na biashara. Mimi ni Mchaga, na nimewaona Wachaga wakila mtaji sawasawa na kabila lingine lolote.)

Kwa hiyo nikitaja mtazamo, sina maana ya yale mambo ya kwenye kumbi za hoteli, kufumba macho na kujiita milionea. Nasema tabia chache ambazo mtu anaweza kuzishika hata akiwa na usingizi, njaa, na shemeji amesimama mlangoni. Tuzione kwa mfano. Bei nitakazotumia ni za kufundishia tu. Zako zitakuwa tofauti, maana nyanya ya masika si nyanya ya kiangazi.

Tuseme dada mmoja ana shilingi 100,000 na anataka kuuza nyanya soko la Mbuyuni. Tenga moja, ukijumlisha toroli na ushuru, linamfikia kwa 50,000. Hesabu ya harakaharaka inasema achukue matenga mawili. Mimi namwambia achukue moja. Hana wateja bado, hajui meza yake inamaliza sado ngapi kwa siku, na hajajua kufungua tenga. Hili la kufungua tenga watu wanalidharau. Nyanya za juu huwa zimepangwa zikapangika, nyekundu, zinang'aa. Za chini zimebeba uzito wa njia nzima. Mzoefu akishafungua anachambua mara tatu papo hapo: ngumu zinasubiri kesho, zilizoiva zinakwenda mezani kwa mafungu, na zilizopasuka zinauzwa asubuhi hiyohiyo kwa mama lishe na wachoma chipsi kwa bei ya kutupa. Mgeni anafanya kinyume. Anaona uchungu kuzitoa zilizopasuka kwa bei ya chini, anazificha chini ya fungu, na kufikia jioni zimeambukiza maji zile nzima na mteja aliyezipeleka nyumbani harudi tena.

Ile 50,000 nyingine inakaa. Ni kinga. Tenga moja likiharibika, Alhamisi ana la kununulia lingine. Mwenye matenga mawili yaliyooza siku moja hana Alhamisi. Anarudi nyumbani kusema biashara ya nyanya ina mkosi. Mahali pa kuiweka ni kwa wakala, kwenye laini ambayo si ile ndugu wanayompigia.

Sasa tenga likienda vizuri, baada ya kutoa zilizooza, tuseme linamletea 60,000. Faida 10,000. Hapa ndipo njia zinapoachana. Wengi huiona elfu kumi na kuiita yao. Mimi namtaka aigawe kabla hajafika nyumbani: 6,000 ni mshahara wake, ale, apande daladala, asuke, anunue vocha, asiulizwe na mtu, 4,000 inarudi kwa mtaji. Akizungusha tenga mara mbili kwa wiki, mizunguko 13 inampa 52,000, yaani bei ya tenga la pili. Ni wiki sita na nusu. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu kwa macho hakuna kinachobadilika. Meza ni ileile, tenga ni lilelile, na jirani aliyeanza naye keshanunua simu mpya.

Baada ya hapo hesabu inageuka. Matenga mawili yanaleta faida 20,000 kwa mzunguko. Akibaki na mshahara wake wa 6,000, inayorudi ni 14,000, na tenga la tatu linapatikana kwa mizunguko minne: wiki mbili. Akijiongezea mshahara mara mbili, ajilipe 12,000 kwa kuwa sasa ana matenga mawili, inarudi 8,000 na atahitaji mizunguko saba. Bado anakwenda, ila polepole. Kwenye vikundi huwa naichora hii kwenye karatasi kubwa na kunyamaza. Ukuaji wote umekaa kwenye kile kipindi kifupi ambacho biashara imepanda na mwenyewe bado anaishi kama jana. Akiweza kukivuta kipindi hicho miezi michache, amekwenda mbali. Hiyo ndiyo maana yangu ya mtazamo, na haina uhusiano wowote na kufumba macho.

Shemeji naye ana nafasi yake katika hesabu. Atakuja, na atasema, "Shemeji, nisaidie elfu thelathini, Ijumaa narudisha." Hapo ukikataa una roho mbaya, ukitoa umeuza tenga bila kulipwa. Mama mmoja wa Pasua nilimsikia akimjibu wake hivi: "Shemeji, hii iliyopo ni ya mzigo, si yangu. Yangu ni hii elfu mbili. Chukua, wala usirudishe." Sijapata kumfundisha mtu jibu bora kuliko hilo. Ametoa kwenye mshahara, hajagusa mtaji, hajafungua deni la kudaiana kanisani, na heshima imebaki pande zote.

Na bila daftari yote haya ni hadithi. Sihitaji daftari la kihasibu. Safu tatu zinatosha: kilichoingia, kilichotoka kwa mzigo, kilichotoka kwa nyumbani. Hiyo ya tatu ndiyo watu hawapendi kuijaza.

Kuna kikomo ambacho wahamasishaji hawakitaji. Faida ya asilimia ishirini kwa mzunguko haiendelei milele. Meza moja ya Mbuyuni ina wateja wake na wewe una mikono miwili. Tenga la nne litakuozea hata kama una pesa ya kulinunua. Siku hiyo mtaji umeushinda uwezo wa meza, na pesa inayozidi lazima itafutiwe kazi isiyohitaji mikono yako. Wengi hapo huikimbizia kwenye biashara ya pili wasiyoijua, kwa mfano belo la mitumba pale Memorial, eti kwa sababu rafiki yao amepata. Belo nalo lina elimu yake kama tenga.

Kwa watu wa huku kwetu mimi napendekeza kwanza maharage. Baada ya mavuno, mwezi wa saba na wa nane, bei inashuka kwa sababu kila mkulima anauza kwa mpigo; kuanzia mwisho wa mwaka inapanda. Anayeyaweka miezi mitano hafanyi kazi yoyote ila kuyalinda na wadudu, na mfuko wa PICS, ule wa tabaka tatu, unafanya hivyo bila dawa: ukifungwa vizuri hewa inawaishia wadudu humo ndani. Bei inaweza isipande, hilo liwekwe wazi. Lakini gunia la maharage lina sifa moja ambayo pesa ya kwenye simu haina: hakuna anayeweza kukuomba elfu tano ya gunia.

Baadaye kuna mifuko ya uwekezaji. UTT AMIS, taasisi ya serikali inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza pamoja, wana Mfuko wa Umoja uliozinduliwa mwaka 2005, na Mfuko wa Ukwasi ambao unaingia ukiwa na laki moja tu. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, kupitia Benki Kuu zinaanzia milioni moja. Niseme ukweli hapa, maana nimechoka na video za vijana wanaopiga mahesabu ya mabilioni. Kuna kanuni ya zamani ya wahasibu: gawa 72 kwa kiwango cha faida ya mwaka, utapata miaka ya pesa kuongezeka mara mbili. Kwa asilimia 12, ni miaka sita. Laki yako itakuwa laki mbili baada ya miaka sita. Hiyo si habari ya kumtoa mtu kitandani. Kwa mwenye pesa ndogo, kinachokuza akaunti yake kule ni kile anachoongeza kila mwezi. Elfu moja kwa siku ni 365,000 kwa mwaka, hata kabla ya faida. Faida ya kwanza ya mfuko wa aina hiyo kwa mtu wa Mbuyuni ni umbali. Kuitoa pesa kunachukua siku kadhaa, na siku hizo zinatosha kwa tamaa nyingi kupoa.

Umbali huohuo ndio uliofanya vikundi vya hisa vishamiri. Mfumo huu shirika la misaada la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 pamoja na akina mama wa vijijini, ukaja hadi kwetu kwa jina la VICOBA. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, kwa hiyo hata mwenyekiti hawezi kulifungua usiku. Riba mnayotozana mkikopeshana mnagawana wenyewe mwisho wa mzunguko wa akiba kulingana na hisa. Ni mfumo mzuri, nami umenilisha. Nina ugomvi nao mmoja tu: kuvunja sanduku, yaani kugawana zote, Desemba.

Kila mtu Moshi anajua Desemba ilivyo. Mabasi kutoka Dar yanajaa, ndugu wanapanda kuhesabiwa, mbuzi anapanda bei, mbege inapanda bei, hadi mafundi rangi wanapanda bei. Kikundi kinavunja sanduku tarehe 15, mama anapokea 600,000 aliyoiweka mwaka mzima kwa buku mbili mbili, na kufikia tarehe 2 Januari imebaki ya sare za shule, ikiwa imebaki. Amenunua kila kitu wakati wa bei ya juu kuliko zote katika mwaka. Nimekuwa nikivishawishi vikundi vivunje mwishoni mwa Julai, wakati maharage na mahindi yako chini, na sanduku la sikukuu liwe kibubu cha pembeni chenye michango yake. Vichache vimekubali. Vingi vinaniambia, "Mwalimu, Krismasi bila sanduku itakuwaje?" Basi angalau zigawanywe nusu kwa nusu.

Mikopo ya mtaani sitaki kuipa nafasi kubwa, ila hesabu yake watu hawaifanyi. Ile wanayoiita kausha damu: unachukua 100,000, unarejesha 4,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 120,000, unaambiwa riba ni asilimia 20. Lakini ile laki hukukaa nayo mwezi mzima. Ulianza kuirudisha kesho yake. Kwa wastani ulikuwa umeshika kama nusu yake tu, kwa hiyo bei halisi ya pesa uliyoitumia inakaribia asilimia 40 kwa mwezi. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wenye leseni ya kukopesha bila kupokea amana, kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha mwenyewe. Na mwenye tenga moja linalobakiza 4,000 kwa mzunguko, mara mbili kwa wiki, atatoa wapi 4,000 ya kila siku? Atakula tenga.

Mali kauli ni afadhali mara kumi. Mwenye mzigo akikuamini akakuachia tenga ulipe ukishauza, amekukopesha bila riba, na alichokishika ni neno lako tu. Mlipe siku mliyokubaliana, hata kama umeuza kwa hasara, hata kama ni kwa kuchota ile kinga ya 50,000. Mwezi ujao atakuachia mawili.

Wenye kikundi kilichosajiliwa wana mlango mwingine: mikopo ya ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Fomu na masharti vinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nendeni na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, na yale madaftari ya safu tatu, hata kama yana matone ya nyanya.