Sukari ya saa ya kiharusi: namba ile ina maana gani?

Chukua mama muuza dagaa pale mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, mwenye kisukari cha miaka mingi. Anafunga gunia, mara mkono wa kulia unalegea na mdomo unakwenda upande. Mwanawe anampima kwa mashine ya nyumbani: 16. Papo hapo wanaanza kubishana, achomwe insulini au aombewe.

Hiyo ni milimoli 16 kwa lita, sukari ya dakika ile tu. Ubongo ukipata pigo, mwili hushtuka, homoni zikaliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu. Hata asiye na kisukari hupanda. Kwa hiyo hospitali hupima pia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Ikiwa asilimia 11, basi 16 ndiyo maisha yake ya kila siku. Ikiwa 7, kupanda huko kumetokana zaidi na kiharusi chenyewe.

Ubaya wake uko hapa. Mshipa ukiziba, pembeni ya sehemu iliyokufa kuna ubongo ulio taabani lakini bado hai, na huo ndio tiba inaukimbilia. Sukari nyingi pasipo oksijeni ya kutosha hugeuka tindikali, ikaumaliza. Pia huambatana na damu kuvujia kichwani baada ya dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Ndiyo maana wanaofika na sukari ya juu, kwa wastani, hupona vibaya zaidi.

Basi ishushwe haraka? Wengi tungejibu ndiyo. Utafiti wa SHINE wa Marekani, uliotoka 2019, uliwapima wagonjwa 1,151: kundi moja likabanwa kati ya 4.4 na 7.2, jingine likaachwa hadi karibu 10. Baada ya siku 90 waliopata nafuu nzuri walikuwa asilimia 20.5 kwa waliobanwa na 21.6 kwa wenzao. Sukari kushuka vibaya mno kuliwapata waliobanwa peke yao, asilimia 2.6. Siku hizi madaktari hulenga 7.8 hadi 10 katika saa 24 za mwanzo.

Na kushuka si jambo dogo. Sukari ya 2 inaweza kumlegeza mtu upande mmoja ukaapa ni kiharusi. Anatundikiwa dripu ya glukosi, mkono unarudi. (Nani asingesema amerogwa na kuaguliwa?) Ndiyo sababu kabla ya dawa ya kuyeyusha bonge, kipimo cha damu kisichorukwa kwa mgonjwa yeyote ni sukari, pamoja na picha ya kichwa kuhakikisha mshipa haujapasuka.

Kwa hiyo yule kijana aiache insulini ya ziada. Asimpe mama chai wala vidonge, maana koo nalo huenda limelegea na vitaingia mapafuni. Aandike ile 16 na saa ambayo mama alionekana mzima mara ya mwisho, kisha watafute gari. Dawa ile ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu saa hiyo. Kutoka Kirumba hadi hospitali ya Bugando zinatosha. Angekuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kivuko cha kawaida peke yake kingekula kama saa tatu.