Malengo Hufikiwa

Limekuwa jambo la kawaida hapa Mombasa, katika hotuba za wageni wa heshima na hata katika taarifa za habari, kuambiwa kwamba fulani "ameafikia malengo yake", na msemaji akiulizwa hujibu kwamba hiyo ndiyo tafsiri ya achieve. Neno hilo la Kiingereza lina maana nyepesi: kukipata kwa juhudi kile ulichokikusudia. Lilitokana na achever la Kifaransa cha kale, lenye asili ya maneno yanayomaanisha "hadi kichwani", yaani hadi ukomo wa jambo. Kiswahili nacho kina kitenzi cha mwendo na ukomo, kufika, ambacho katika kauli ya kutendea huwa kufikia.

Kuafikia ni neno la ukoo mwingine kabisa. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye maana ya kupatana na kulingana, na humo ndimo ulimotoka muafaka, kama ule uliotiwa saini Zanzibar mwaka 2001 baina ya vyama vya siasa vya CCM na CUF, na ndimo lilimotoka kuafikiana, linalosikika wazee wa pande mbili wanapokaa kuzungumzia mahari. Kuafiki ni kukubali. Mtu anaweza kuliafiki lengo leo, tena kwa moyo safi, akaishi miaka mingi asilifikie. Ndiyo maana kosa hili linaniuma: linafuta mpaka baina ya kulikubali jambo na kulitimiza, na anayeumia ni msikilizaji. Bodi ya mradi wa maji ikitangaza kwamba lengo "limeafikiwa", mwananchi aelewe nini? Maji yameshafika mabombani, au wajumbe wamekubaliana tu kwamba yatafika?

Wapo wanaolitetea neno hili kwa kutaja taufiki, ambayo ni ya mzizi huo huo na inahusu kufanikiwa. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa, ila taufiki ni jaala ya Mwenyezi Mungu kwa mja wake. Mja hujaaliwa, hajipi mwenyewe.

Basi anayeandika ripoti, ikiwa kazi kweli imekamilika, na aiondoe tu ile "a" iliyojipenyeza katikati ya neno, aandike kwamba lengo limefikiwa. Ikiwa wajumbe wamelikubali tu na kazi bado haijaanza, "limeafikiwa" ni sahihi, na aliache kama lilivyo.