Rilei Haikazwi Kama Nati

Juzi saa tatu usiku, niko kwenye foleni ya Jogoo Road, WhatsApp ikalia. "Injinia, ile rilei ya volti imetripu tena. Tuikaze kidogo?" Ni mara ya nne mwaka huu naulizwa hivyo, kila mara na mtu tofauti. Basi leo naandika, ili safari ijayo nitume kiungo tu nikalale.

Rilei ni kifaa kinachopima umeme na kuiamuru breka (swichi kubwa) ikate, yaani itripu, kikiona hatari. Si nati. Ukipandisha setingi ya volti ya chini (kiwango ambacho volti ikishuka chini yake rilei huona hatari) kutoka 90% hadi 95%, hujaongeza ulinzi. Umeongeza mambo ya kawaida ambayo rilei itayaita hatari. Na hizi za dijitali zimezidisha ugonjwa, maana hazikatai kitu: 95.37%, 49.85 Hz, muda sifuri, zote zinapokea. Mtu akiona desimali mbili anadhani lazima azitumie.

Twende Eneo la Viwanda. Umeme wa 11 kV (volti 11,000), na VT, transfoma ya kupimia inayoishusha volti, ya 11000/110, kwa hiyo rilei inasoma 110 V kati ya waya wa awamu moja na nyingine. Setingi ya volti ya chini ilikuwa 95%, yaani 104.5 V, muda wa kusubiri kabla ya kukata sekunde 10. Fundi wa zamu, mzee aliyeikuta ile swichigia (makabati ya breka) ingali kwenye makasha, aliniapia kwamba rilei ina majini. Mita inasoma 108, hakuna taa iliyopepesa, halafu breka inafunguka pa!

Mzee hakukosea hata kidogo. Nilichomoa rekodi. Kompresa kubwa ikiwashwa, volti inashuka hadi 103 kwa sekunde nne hivi, kisha inarudi 108. Rilei inaanza kuhesabu volti ikipita chini ya 104.5. Sawa. Inaacha kuhesabu lini? Karibu kila ninayemuuliza hujibu kwamba inaacha palepale ilipoanzia. Siyo. Kuna uwiano wa kurejea, namba unayozidisha na setingi kupata volti ambayo rilei inaacha kuhesabu, na kwenye rilei hiyo ulikuwa 1.05, hakuna aliyewahi kuugusa. 104.5 mara 1.05 ni 109.7. Mchana pale volti haifiki 109.7 hata kwa dawa! Kwa hiyo kompresa ishatulia, volti ishapona, na rilei bado inahesabu: tano, sita, saba... ya kumi inatripu, mita ikionyesha 108.

Na aliyenitangulia alikuwa ameshauri nini? Waikaze iwe 97%. Hiyo ni 106.7, na kurejea kwake 112. Kompresa ingetikisa kidogo tu, rilei isingeachia kamwe.

Upande wa volti ya juu ni hivyohivyo, kinyume chake. 110% ni 121 V. Uwiano ukiwa 0.95, inaachia ikishuka chini ya 114.95. Sasa basiba (vyuma vinavyogawa umeme) inayokaa 105% usiku, mzigo ukiwa mdogo, ni 115.5. Mruko wa kufumba na kufumbua unaiamsha, halafu volti ya kila siku inaizuia isilale. Weka 0.98 au 0.99. Setingi hiyo hufichwa ndani kabisa ya menyu, ndiyo maana haiguswi.

Pale nikaweka 80%, sekunde 3, uwiano 1.02. Ukiniuliza kwa nini 80 na si 78, nitakohoa kwanza. Hesabu ya kuwasha mota iliniambia nikae chini ya 85, na zile sekunde 3 zinazipa rilei za fida (laini za umeme) jirani nafasi ya kuondoa hitilafu zao. Kilichobaki ni mazoea, na wenzangu wengi wakibanwa watakiri hivyohivyo.

Fyuzi ya VT ikikatika, rilei huona volti imekufa. Washa usimamizi wa VT (kipengele cha rilei kinachogundua hilo) uzuie kutripu. Limekwisha.

Sasa masafa, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, kawaida 50 Hz. Volti huugua mtaa. Masafa huugua nchi nzima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma pale kituo cha umeme wa maji cha Gitaru, megawati 180 zikatoka, mashine nyingine zikalemewa, Kenya yote ikaingia gizani. Masafa yanapoporomoka hivyo, mzigo (matumizi ya wateja) ndio unaopaswa kupunguzwa kwa hatua, na kila mwenye jenereta kwenye gridi ang'ang'ane ndani. Wewe uliyeweka 49.5 Hz kwa sekunde 0.1 unakimbia wa kwanza, na kukimbia kwako kunayashusha zaidi. Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019, masafa yalishuka hadi 48.8 Hz. Kuna treni ambazo programu zake zilizima chini ya 49, na baadhi hazikuwaka tena hadi fundi alipofika na laptopu. Abiria wamekaa ndani wakisubiri.

Setingi inayoninyima usingizi ni ya kasi ya mabadiliko ya masafa, ile ya kugundua kwamba gridi imekatika huku jenereta au sola yako ingali inalisha. Rilei hupima kwa mizunguko kadhaa ya wimbi. Hitilafu ya mbali ikilisogeza wimbi ghafla, rilei inakokotoa kasi ambayo haikuwepo. Waingereza walikuwa na 0.125 Hz kwa sekunde, wakapanda hadi 1. Mimi naweka 1, na kucheleweshwa kwa nusu sekunde, lakini siwezi kukuapia. Mzigo wa jengo ukilingana na sola iliyo paani, gridi inaweza kukatika na masafa yasitikisike, setingi yangu ikakaa kama haikuona kitu.

Kuhusu ule ujumbe wa juzi: hapana, usiikaze. Nitumie faili ya rekodi kutoka kwenye rilei. Si picha ya skrini kama ile ya mwezi uliopita, kidole kimefunika awamu ya tatu.