Je, wajua simenti haikauki?

Januari moja, huko Migosi, Kisumu, niliamua kuokoa pesa ya fundi na kumwaga mwenyewe sakafu ya baraza. Siku ya jua kali niliichagua makusudi, ili simenti ikauke upesi na jioni niweke viti. Asubuhi iliyofuata sakafu ilikuwa imejaa nyufa, na kila nikifagia, vumbi la kijivu haliishi. Jirani yangu, mzee aliyefanya mjengo miaka mingi, aliinama akaikwaruza kwa ukucha.

"Kijana, mbona hukuinywesha?"

Kuinywesha? Mimi nilishinda kutwa nikiikausha.

Kosa hilo ni la wengi, na lugha inachangia: twasema simenti "imekauka". Haikauki, inashika. Kinachokauka ni tope. Ukuta wa udongo hukauka kweli: maji yanaondoka, udongo unabaki mgumu, na mvua ikiupiga sana unarudi kuwa tope. Sasa tumbukiza kipande cha zege kwenye ndoo ya maji mwaka mzima. Hakirudi kuwa unga. Kama ugumu wake ungetokana na kupoteza maji, kingelainika kikiyapata tena. Tena zege hushika hata likimwagwa chini ya maji, na nguzo za madaraja mengi zimesimikwa hivyo. Huko hakuna jua wala upepo, na bado linageuka jiwe.

Ulinganishe na ugali. Unga huwa ugali kwa kumeza maji, na ukoko uliokauka kama ubao hauwi unga tena. Mfano wangu unakomea hapo, kwa sababu ugali huhitaji moto ilhali simenti hutoa joto lake yenyewe. Katika bwawa la Hoover, lililojengwa Marekani miaka ya 1930, wahandisi walilazimika kupitisha mabomba ya maji baridi ndani ya zege. Bila hayo, walikadiria, lingechukua zaidi ya miaka 100 kupoa.

Ndani kunatokea nini? Simenti ni mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha vikasagwa. Kila chembe ikilowa, madini yake huungana na maji na kuchipuza ganda jipya pembeni. Aliyeona gugumaji kwenye Ghuba ya Winam, hapo Ziwa Victoria, ataelewa. Mmea mmoja huanza peke yake, mwingine kule mbali. Kila mmoja unatanuka, majani na mizizi vinajaza nafasi ya maji iliyo katikati, mwisho yanakutana na kusukana. Boti iliyokuwa hapo haitoki. Kwenye zege, mchanga na kokoto ndizo boti zilizonaswa. Jinsi ganda hilo lilivyopangika kwa undani wake kabisa, wanasayansi wangali wanabishana, jambo la kufurahisha kwa kitu tunachokikanyaga kila siku.

Sasa maji yakikauka mapema, gugu linaacha kukua kabla halijafika kwa mwenzake. Sehemu ya juu ndiyo hutangulia kuumia, hasa upepo wa ziwa unapovuma mchana. Na ukuaji huo si wa siku moja. Ile 32.5 iliyoandikwa kwenye mfuko ni kiwango cha chini kabisa cha nguvu inachopaswa kufikia, kwa nyutoni kila milimita ya mraba, inayopimwa siku ya 28. Simenti iliyochanganywa na majivu ya volkano huanza polepole zaidi, kwa hiyo hiyo ndiyo isiyostahimili kiu kabisa.

Ila usikimbilie kuongeza maji kwenye karai. Mfuko wa kilo 50 huunganika na lita kama 12 tu; mtungi mmoja wa lita 20 unakaribia kutosha, na cha ziada huongezwa ili mwiko upite. Yanayobaki huacha vitundu. Mimi nilitia karibu mitungi miwili. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba jua ndilo lililoniponza. Huenda ni maji hayo, au mchanga wangu, ambao kusema kweli ulikuwa na udongo.

Mara ya pili nilimwaga alfajiri, nikafunika kwa magunia, nikayalowesha asubuhi na jioni siku saba. Kuku wa mzee wakawa wanakuja kunywa hapo.